Sura ya 6: Aseme Kwanza, Aandike Baadaye

Swali wanalouliza wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, kuanzia Ntinda hadi Makindye jijini Kampala, lina sura nyingi lakini kiini chake ni kimoja. Mtoto amesoma ukurasa mzima, tena kwa sauti. Akiulizwa ukurasa ulisema nini, anatazama dari. Akisomewa imla ya mistari mitano, miwili inaingia daftarini na mitatu inapotea njiani. Ana miaka 10, wa rika lake wako P.5, yaani darasa la tano, na mzazi hajui alaumu macho, masikio, uvivu au vitabu. Aongeze saa za masomo? Amtafutie mwalimu wa jioni? Au akubali tu kwamba mtoto ana kichwa kizito?

Zamani swali hilo liliachiwa shule. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Ukiacha madarasa yaliyorudishwa kwa awamu kisha yakafungwa tena Juni 2021, watoto wote hawakurudi darasani hadi 10 Januari 2022. Watoto takriban milioni 15 walikatiziwa masomo kwa karibu miaka 2. NCDC, taasisi ya taifa inayotunga mitaala, ilitoa masomo ya kujisomea. Magazeti yakayachapisha, redio na televisheni zikarusha vipindi. Wazazi wengi wakaona kwa mara ya kwanza, mezani pao wenyewe, jinsi mtoto wao anavyosoma, na wapo walioshtuka. Ripoti ya shule ilikuwa imewaambia “ajitahidi zaidi”. Meza iliwaambia kwamba mtoto amekuwa akijitahidi muda wote, ila juhudi yake inavujia mahali fulani.

Mahali hapo ndipo tunapopatafuta. Hoja yangu ni kwamba mtoto anayesuasua kwa kawaida amebebeshwa mizigo miwili katika safari moja: mzigo wa kufikiri la kusema na mzigo wa kuliandika. Mtoto mwepesi huibeba yote miwili bila mtu kugundua kwamba ni miwili. Mwenzake huanguka, nasi tukimwona ameanguka tunamwongezea idadi ya safari. Ingefaa tuitenganishe mizigo. Kusimulia kuwe kazi ya akili na mdomo, imla iwe kazi ya sikio na mkono, kila moja ijengwe peke yake mpaka isimame, ndipo zikutanishwe.

Maneno mawili tuyaweke sawa

Kusimulia, katika sura hii, ni kurudisha kwa maneno yako mwenyewe kile ulichosikia au kusoma, bila maswali ya kukuongoza. Kujibu “Mfalme aliitwa nani?” siyo kusimulia, maana swali lenyewe limeshafanya nusu ya kazi: limechagua jambo, limelipanga mahali pake, limemwachia mtoto pengo la neno moja. Anayesimulia anachagua mwenyewe cha kuanza nacho, cha kufuata na cha kuacha. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923 na ambaye wazazi wengi wanaosomesha nyumbani bado wanamfuata, aliujenga mfumo wake wote juu ya zoezi hilo. Lakini hakulibuni yeye. Bibi yeyote wa Buganda aliyemaliza hadithi ya Wakayima, yule sungura mjanja, kisha akamwambia mjukuu “haya, sasa nisimulie wewe”, alikuwa akilifanya zoezi hilohilo.

Imla ni kuandika unachosomewa. Neno lenyewe limetujia kutoka Kiarabu kwa njia ya madrasa, ambako mwalimu husoma na mwanafunzi huandika. Baadaye siasa ikaliazima: utawala wa imla ni ule ambao mmoja anasema na wengine wote wanafuata. Ninataja hilo kwa sababu ndivyo imla inavyofanywa katika nyumba nyingi. Mzazi anasoma kama anayetoa amri, mtoto anakimbizana na sauti, mwishoni kalamu nyekundu inapita kama askari wa doria. Zoezi linalofanywa hivyo hupima tu. Linamwambia mtoto yuko wapi bila kumsogeza hata hatua moja.

Kondakta mpya

Panda taksi ya abiria 14 kutoka Old Taxi Park siku ambayo kondakta ni mgeni wa kazi. Anaita abiria kwa sauti, anafungua na kufunga mlango, anapokea noti ya 5,000 kutoka kiti cha nyuma, anasikia mtu akisema “maaso awo”, yaani anashuka hapo mbele, na chenji ya yule wa nyuma imeshapotea kichwani. Kondakta mwenye uzoefu wa miaka 10 hufanya yote hayo huku akizungumza mpira. Usidhani kichwa chake ni kikubwa zaidi. Kuita na kufungua mlango kumeshakuwa mazoea, hakuombi tena nafasi akilini, kwa hiyo nafasi yote imebaki kwa ajili ya chenji.

Wataalamu wa akili huiita nafasi hiyo kumbukumbu ya kazi: kirafu kidogo kichwani ambapo tunaweka vitu wakati tunavitumia. Kirafu cha kila mtu ni kidogo, cha mtoto ni kidogo zaidi, na cha baadhi ya watoto kinajaa mapema mno. Sasa fikiria mtoto anayeambiwa aandike “muhtasari” wa hadithi aliyosoma. Akumbuke hadithi, achague la kwanza, alitungie sentensi, ashikilie sentensi hiyo wakati anatafuta herufi za neno lake la kwanza, akumbuke herufi kubwa, aelekeze penseli. Akifika neno la tatu, sentensi imeanguka kutoka kwenye kirafu. Anaandika chochote ili amalize. Mzazi anaona mtoto asiye na mawazo, kumbe mawazo yalikuwapo yakakosa pa kukaa.

Kusoma nako kuna sehemu mbili zinazofanana na hizo: kugeuza herufi kuwa sauti, na kuelewa lugha inayotokana na sauti hizo. Mtoto anayesoma ukurasa wote kwa sauti kisha akakosa la kusema huenda ametumia kirafu chote kwenye kazi ya kwanza. Mwingine anaelewa kila hadithi anayosomewa lakini kitabu kikiwa mkononi mwake anakwama. Huyo huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kuunganisha sauti na herufi, usiohusiana kabisa na wepesi wa akili. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kumsomea wewe. Mtoto anayesimulia vizuri anachosomewa na vibaya anachosoma mwenyewe amekwambia tatizo liko upande gani. Na kabla ya jaribio lolote, apimwe macho na masikio. Mtoto aliyeugua masikio mara kwa mara anaweza kuonekana mzembe wa imla kwa miaka mingi. Hospitali ya Rufaa ya Mulago ina kitengo cha masikio, pua na koo, na mlango huo ubishwe mapema kuliko ule wa mwalimu wa jioni.

Kwa ufupi: mpe kazi ya akili bila penseli, na kazi ya penseli bila kumtaka atunge chochote. Hayo mengine yote katika sura hii ni namna ya kufanya hivyo.

Ulezi wa kuku mmoja

Tuchukue hadithi ambayo mtoto wa Kampala ameshaisikia walau kwa mbali: Kintu na Nambi. Ggulu, baba wa mbinguni, amekubali kumwoza Kintu binti yake, Nambi, baada ya kumpa majaribio magumu. Anawaagiza waondoke upesi wasirudi nyuma kwa sababu yoyote, kwani Walumbe, kaka yake Nambi, ambaye jina lake ni kifo na maradhi, akijua atataka kufuatana nao. Njiani Nambi anakumbuka kwamba amesahau ulezi wa kuku wake. Anarudi. Walumbe anamwona.

Mama anasoma kipande hicho, aya mbili tu, mara moja, polepole. Anafunga kitabu. “Haya, nisimulie.” Mtoto anasema: “Kintu alikuwa na Nambi. Halafu wakaenda. Halafu Walumbe akaja, akaua watoto.”

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kutengenezeka. Mzazi mwenye haraka atasema: “Hapana! Umesahau ulezi. Na watoto bado hawajazaliwa.” Mtoto amejifunza kwamba kusimulia ni mtihani kama mitihani mingine, na kesho atasema machache zaidi ili akosee machache zaidi. Mama mwenye subira hatasahihisha kitu. Atachukua maneno ya mtoto mwenyewe na kusimama pale penye pengo: “Wakaenda. Niko nao njiani. Nini kikatokea?” Mtoto ananyamaza. Ukimya huo ni wa thamani, na mtu mzima huuona mrefu kuliko ulivyo. Hesabu hadi 10 kabla ya kufungua mdomo. “Nambi alisahau… chakula cha kuku. Akarudi. Kintu alimkataza.” Kisha, peke yake: “Kama asingerudi, Walumbe asingejua.”

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwa kitabuni. Mtoto ameifunga sababu na matokeo kwa mkono wake, na alifika huko kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Kuna masimulizi mengine ambamo ni Kintu mwenyewe anayerudi. Mtoto akishazoea, msomee na hilo pia, umwachie agundue tofauti. Hakuna zoezi la kitabu cha ufahamu linaloweza kumchokoza kiasi hicho.

Mason alisisitiza kwamba kifungu kisomwe mara moja tu, kwa hoja kwamba anayejua kitarudiwa hasikilizi. Kwa mtoto wa kawaida nakubaliana naye. Kwa mtoto anayesuasua ningebadili urefu kabla ya kubadili idadi: badala ya kurudia aya mbili, soma moja, ikishindikana, sentensi tatu. Mtoto anayesimulia sentensi tatu kwa ukamilifu kila siku yuko mbele ya yule anayepapasa ukurasa. Anayekwama kuanza apewe kitu cha kushika: achore picha tatu kwa mpangilio kisha azisimulie, au apange maharagwe, hili Kintu, hili Nambi, hili kuku, ayasogeze akisema. Kwa baadhi ya watoto mkono ukishughulika ulimi hufunguka.

Mtu atasema huku ni kukariri kwa jina jipya. La. Anayekariri hurudisha maneno, anayesimulia hurudisha jambo, na ukitaka kuona tofauti mkatize katikati. Aliyekariri hawezi kuendelea bila kurudi mwanzo. Kuhusu faida yake kwa kumbukumbu, kuna ushahidi wa kutosha. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi. Kundi moja likasoma kisha likasoma tena. Jingine likasoma mara moja, kisha likaandika kila lililokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliojikumbusha wakabaki na takriban asilimia 56 ya maudhui, waliorudia kusoma asilimia 42. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto wa P.4 wanaokwama, kwa hiyo nisingedai kwamba tarakimu hizo zitajirudia mezani pako. Lakini zinaeleza kwa nini mzazi hudanganyika: kusoma tena kunaonekana kufaulu papo hapo, na dakika 5 baadaye ndipo wengi wetu tunapopima.

“Lakini mtihani ni wa Kiingereza”

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote Kampala, na halipaswi kupuuzwa. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi unaosimamiwa na UNEB, huandikwa kwa Kiingereza, na hata mtoto anayesomeshwa nyumbani atalazimika kusajiliwa kupitia kituo kinachotambuliwa ili aufanye. Mtaala wa mada ulioanza 2007 unaruhusu lugha ya eneo kutumika kufundishia kuanzia P.1 hadi P.3, lakini mjini, ambako darasa moja lina watoto wa lugha saba, shule nyingi hushika Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mzazi anajiuliza, na ana haki: kwa nini nimwache asimulie kwa Luganda?

Kwa sababu kusimulia kuna kazi ndani yake isiyo na lugha. Kujua nini kilitangulia, nani alimfanyia nani nini, lipi ni kubwa na lipi ni pambo: hayo mtoto akishayamudu kwa Luganda, Lusoga au Kiswahili hatayajifunza upya kwa Kiingereza. Atabaki kutafuta maneno tu, na huo ni mzigo mmoja. Mtoto anayelazimishwa kusimulia kwa lugha asiyoimudu hurudi kwenye hali ya kondakta mpya, na mzazi hawezi kujua kama alichokosa ni hadithi au ni neno. Njia ninayoipendekeza ni ya ngazi: asikie kwa Kiingereza, asimulie kwa lugha ya nyumbani; akishazoea, asimulie kwa lugha ya nyumbani kisha arudie sentensi mbili tu kwa Kiingereza; halafu nne. Akichanganya lugha katikati ya sentensi, mwache. Kampala nzima huzungumza hivyo, na sentensi iliyochanganywa ambayo imefika mwisho ni bora kuliko safi iliyokufa njiani.

Imla bila mtego

Kwa upande wa imla, badiliko kubwa ni moja, na huwaudhi wazazi wenye msimamo mkali: mtoto aone kifungu kabla ya kukiandika. Akitazame, akisome, aulize. “Si huko ni kuiba mtihani?” Ingekuwa wizi kama lengo lingekuwa kumpima. Lengo letu ni jicho lake lizoee sura sahihi ya neno. Kila mara mtoto anapobahatisha neno na kulikosea, mkono wake unajizoeza kosa, na kosa lililoandikwa mara nne lina nguvu kuliko sahihisho lililoandikwa mara moja kwa wino mwekundu. Utaratibu ni huu:

• Chagua sentensi moja au mbili kutoka kitabu ambacho mtoto ameshakisimulia, ili maana isiwe mzigo.
• Mwache aitazame kwa dakika kama tano na akuonyeshe maneno anayoyahofia. Usimchagulie wewe, ayachague yeye.
• Kila neno analolihofia alitazame, afumbe macho alione, aliandike hewani au mezani kwa kidole, kisha afungue kuhakiki.
• Msomee kwa vipande vya maneno matatu au manne, kila kipande mara moja. Akirudie kwa mdomo kabla ya kushika penseli.
• Ukiona anaelekea kukosea, mzuie mapema. Likishaandikwa kosa, lifutwe kabisa au lifunikwe kwa kipande cha karatasi, lisibaki linamtazama.
• Dakika 10. Zikiisha, funga daftari hata kama sentensi haijaisha.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo nguzo. Mtoto anayekirudia kipande kwa mdomo anakirudisha kwenye kirafu kwa sauti yake mwenyewe, na sauti ya mtu mwenyewe hukaa zaidi kuliko ya mwingine. Hapo pia utagundua kama alisikia vizuri. Baadhi ya makosa tunayoyaita ya tahajia, yaani ya mpangilio wa herufi, ni makosa ya kusikia.

Makosa yenye kanuni

Mzazi wa Kampala ana bahati ambayo mwenzake wa London hana: ana lugha ambazo sauti na herufi zinafuatana kwa uaminifu. Kiingereza ni mtihani wa uvumilivu. «Though», «through» na «cough» zimefanana usoni na hazifanani mdomoni. Luganda na Kiswahili huandikwa karibu kama vinavyosikika, kwa hiyo ndivyo viwe uwanja wa mazoezi. Mtoto aliyekata tamaa na imla ya Kiingereza anaweza kupata ushindi wake wa kwanza kwa Luganda katika wiki ya kwanza, na ushindi ni chakula.

Luganda pia hufundisha sikio jambo ambalo Kiingereza hakilifundishi: urefu na uzito wa sauti. *Okugula* ni kununua, *okuggula* ni kufungua. *Okuta* ni kuachilia, *okutta* ni kuua. Herufi moja ndiyo inayoamua kama kuku amepona. *Okusiga* ni kupanda mbegu, *okusiiga* ni kupaka. Mchezo wa dakika tatu wa jozi hizo, mzazi akitamka na mtoto akionyesha kwa mkono kama ni fupi au nzito, ni imla isiyo na penseli, na nauona bora kuliko kurasa nyingi za nakala.

Kisha kuna suala la l na r, ambalo limewapatia watoto wengi fimbo wasizostahili. Katika Luganda hizi ni sauti moja yenye nguo mbili: baada ya e na i huandikwa r, kwingineko l. Neno *omuliro*, moto, limezivaa zote mbili: l baada ya u, r baada ya i. Mtoto anayeandika *omulilo* anahitaji kuambiwa kanuni hiyo ya sentensi moja, basi. Lakini mtoto huyohuyo akigeukia Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kiwe somo la lazima shuleni, kanuni yake inamsaliti. Kiswahili hutofautisha l na r popote. Yeye ataandika kwamba watu wamekwenda kupiga “kula”, kwamba ameandika “balua”, kwamba nje kuna “kerere” na kuku “wawiri”. Yatazame makosa hayo kwa makini: baada ya u na a ameweka l, baada ya e na i ameweka r. Hajakosea hata mara moja kwa kanuni ya lugha yake. Mtoto huyu tunayemwita asiyesikia anasikia kwa utaratibu mkamilifu, ila kwa sheria ya nyumba nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kusahihisha, panga. Chukua imla tano za nyuma, weka makosa yote kwenye karatasi moja, uone yanajikusanya wapi. Makosa yenye kanuni hutibiwa kwa kanuni. Herufi zinazorukwa mwishoni mwa maneno marefu huashiria kirafu kilichojaa, kwa hiyo fupisha vipande. b na d zinazobadilishana hata baada ya miezi ya mazoezi, na neno lilelile linaloandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, ni dalili za kumpeleka kwa mtaalamu wa elimu maalumu. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichomeza mwaka 2003 taasisi ya taifa ya elimu hiyo, ndicho kinachowaandaa wengi wao.

Kwa ufupi: kosa linalojirudia ni habari. Lisome kabla ya kulifuta.

Mzazi asiye na muda, mzazi asiye na cheti

Pingamizi la muda lina uzito kwa mama anayefunga kibanda chake katika soko la Owino saa moja jioni na kufika nyumbani saa mbili na nusu kwa sababu ya foleni ya Jinja Road. Lakini hesabu yenyewe ni ndogo: dakika 10 za kusimulia na 10 za imla, siku nne kwa wiki, hazifiki saa moja na nusu. Kusimulia hakuhitaji hata meza. Kunafanyika wakati wa kumenya matooke, au umeme ukikatika, na pengine hapo ndipo kunapofana, maana gizani mtoto hausomi uso wako kutafuta jibu.

Mzazi aliyeishia P.7 ana wasiwasi wa aina nyingine: atafundishaje asichokijua? Katika kusimulia, kutojua ni faida. Msikilizaji ambaye kweli hajaisoma hadithi huuliza maswali ya kweli, na mtoto anatambua tofauti kati ya mtu anayetaka kujua na anayetaka kukamata. Bibi asiyesoma kabisa anaweza kuwa msikilizaji bora nyumbani. Imla ndiyo inayohitaji anayesoma, na dada wa S.2, yaani kidato cha pili, anatosha, mradi apewe ile orodha ya hapo juu na akatazwe kucheka.

Mizigo inapokutana

Baada ya wiki sita au nane za kwenda sambamba bila kugusana, kazi hizi mbili zipo tayari kukutanishwa, na zikutane kwa njia ya ukarani. Mtoto anasimulia, mzazi anaandika kama karani, neno kwa neno, bila kupamba. Kisha mzazi anachagua sentensi mbili kati ya alizoandika, anarekebisha tahajia tu, na kesho yake hizo ndizo imla. Mtoto anaandika maneno yaliyotoka kinywani mwake. Hana haja ya kuyaelewa, ni yake. Hana haja ya kuyatunga, ameshayatunga jana. Kirafu chote kimebaki kwa ajili ya herufi. Kila wiki karani aandike sentensi moja pungufu, mtoto aandike moja zaidi.

Uganda ina mfano wa zamani wa mahali njia hii inaweza kufika. Mwaka 1902 Apolo Kaggwa, katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, alisafiri kwenda London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, akiwa na katibu wake, Ham Mukasa. Wote wawili walikuwa wa kizazi cha *abasomi*, wale vijana wa karne ya 19 walioitwa “wasomaji” kwa sababu kusoma na kuamini vilikuwa kitu kimoja machoni pa watu. Mukasa aliandika kwa Luganda waliyoyaona, na masimulizi yake yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1904. Kitabu kizima kimejengwa juu ya lile agizo la bibi: umetoka huko, haya, nisimulie. Lugha ya kigeni ilikuja mwisho, tena kwa mkono wa mfasiri.

Katika daftari la mtoto anayefundishwa hivi, kurasa za mwanzo zina mwandiko wa aina mbili: wa mzazi juu, mrefu, na wa mtoto chini, mistari miwili. Miezi ikienda, wa juu unafupika. Siku moja, kwa kawaida hadithi ikiwa tamu na karani akiwa mzito, mtoto atanyoosha mkono na kusema, “Maama, lete niandike mimi.” Mpe penseli. Ataandika *omulilo*, atasahau herufi kubwa, atachanganya Luganda na Kiingereza katika mstari mmoja. Usiguse kitu siku hiyo. Andika tarehe pembeni mwa ukurasa, na sentensi mbili za imla ya kesho uzichukue humo.